Kopo limeachiwa saa nane usiku, vijana wakalala kwa mjumbe. Kosa la nani?

#1 · Mti_Mkavu
Wakuu, heri ya Jumapili.

Nina fedheha hapa, naomba mnisaidie kuigawa. Kwa wasioujua mchezo: jiokeshi ni kopo lenye daftari ndani. Unalificha, unapima kodineti (namba za mahali lilipo) kwa GPS, unaziwasilisha kwenye tovuti, mkaguzi wa kujitolea anaangalia kama hujavunja kanuni, kisha analiachia. Likishaachiwa simu za watafutaji zinalia, wanakimbizana nani aandike jina mstari wa kwanza.

Nimeficha kopo langu la kwanza Mbweni, kwenye uwazi wa shina la mbuyu, kiwanjani kwa mzee mmoja aliyeniruhusu mbele ya mjumbe. Nilifuata kila kitu: zaidi ya mita 161 kutoka kopo la jirani, sikuchimba shimo, sikugongomea msumari mtini. Kwenye ujumbe wa mkaguzi nikaomba, kwa Kiingereza, aliachie Jumamosi "saa 1". Nimeandika hiyo 1 peke yake, kichwani nina saa moja asubuhi, watu waje kabla jua halijawa kali.

Limetoka saa nane usiku. Dakika arobaini baadaye vijana wawili wenye taa za kichwani wanauzunguka mbuyu, mmoja keshapanda tawi. Jirani kuna nyumba inajengwa, na wiki iliyopita waliibiwa nondo. Mlinzi kapuliza filimbi. Wamekaa kwenye benchi la mjumbe hadi saa kumi na mbili na nusu, ndipo mjumbe akanipigia: "Njoo uchukue wageni wako."

Kosa langu, la mkaguzi, au la wanaotoka kitandani kwa ajili ya kopo? Na nyie huwa mnaomba lini na saa ngapi?

#2 · Sukari_Guru
Kopo moja linalipa shilingi ngapi mkuu? Nina nafasi usiku.

#3 · Mhandisi_Pembe
Mkuu #2, si keshi hiyo. Utakuta daftari, penseli, ukibahatika na ushanga.

Mti_Mkavu, kosa ni lako, nakwambia kwa upendo. Umemwandikia mtu Kiingereza halafu saa ukahesabu Kiswahili. 1 yao ni saa saba yetu. Ungeandika 07:00 leo mjumbe angekuwa amelala usingizi wake.

#4 · Ngong_Mawe
Nairobi hapa. Mhandisi, hesabu yako imebaki na salio. 1 yao ni saa saba, lakini kopo limetoka saa nane. Hiyo saa nyingine imeenda wapi?

#5 · Mhandisi_Pembe
Umenikamata. Labda arifa zilichelewa.

#6 · Baba_Dortmund
Hazijachelewa. Niko Ujerumani, na sasa tuko kwenye saa za kiangazi, nyuma ya Dar kwa saa moja. Mkaguzi akiwa pande hizi, saa 1 usiku yake ni saa nane kamili yenu. Kafanya kama alivyoombwa, ila kwa saa ya ukutani kwake. Ingekuwa Januari lingetoka saa tisa.

Huku makopo ni kama vioski vya chipsi, kila kona, kwa hiyo adabu ya kuachia watu wameshaipigania hadi imechakaa. Wengi hawataki kopo la msituni litoke usiku. Kuna wawindaji wenye haki ya uwindaji kwenye lile eneo, wamekaa juu kwenye kibanda chao tangu magharibi wakisubiri nguruwe mwitu, mara anatokea mtu na taa ya kichwani anapiga mluzi. Mtaachana vibaya. Na kama umeficha kwenye pango ambalo popo hulala wakati wa baridi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi sheria inakataza kuingia. Mtu akikuachia kopo la pango mwezi wa Desemba, lawama zinakwenda kwa aliyeficha, si kwa saa.

#7 · Ngong_Mawe
Inaweza pia kuwa Afrika Kusini. Wao wako nyuma yetu saa moja mwaka mzima, kiwe kiangazi kisiwe.

#8 · Makumbi
Mnazunguka bure. Mchezo wenyewe ulianzia Seattle, makao makuu yako Seattle, basi saa ni za Seattle.

#9 · Mhandisi_Pembe
Makumbi, makao makuu ni Seattle, kweli. Kopo la kwanza halikuwa Seattle. Lilifichwa na Dave Ulmer karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, tarehe 3 Mei 2000, siku moja tu baada ya Marekani kuacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia. Kabla ya hapo kipimo kiliweza kukutupa mita 100, ungetafuta kopo mpaka uote mvi. Lilikuwa ndoo, na ndani kulikuwa na kopo la maharage. Leo chakula ni marufuku, wanyama wanafukua.

Hesabu ya Seattle nayo inagoma. Kwa saa zao za kiangazi, 1 ya usiku ni saa tano asubuhi kwetu, na 1 ya mchana ni saa tano usiku. Hakuna inayotoa saa nane.

#10 · Bi_Tumu
Unguja hapa. Nyinyi wanaume mnapenda hesabu. Mie naona mkaguzi hakuisoma hiyo 1 kabisa. Huyo ni mtu ana kazi yake na watoto wake, halipwi hata senti. Kalaza watoto, kafungua kompyuta, kakuta foleni, kaangalia ramani, la Mti_Mkavu limetimia, kabofya. Basi. Kuomba saa ni kuomba hisani, si amri. Wao wanachoahidi ni kulitazama mara ya kwanza ndani ya siku 7.

#11 · Ngong_Mawe
Bi Tumu, saa nane usiku kwetu ni saa moja jioni New York. Watoto huko bado wako mezani.

#12 · Bi_Tumu
Basi kala kwanza.

#13 · Taa_ya_Kichwani
Nimeukuta uzi huu nikinywa chai, chai imenipalia. Mimi ndiye wa kwenye tawi.

Nielezeni kwanza kabla hamjanihukumu. Arifa imenifikia saa nane na dakika tatu, nimekaa naangalia marudio ya mpira. Kopo jipya, kilomita sita kutoka kitandani kwangu, katika mji ambao kopo jipya halitoki kila wiki. Nani angelala? Nimefika pale GPS inaruka, mara mita 4, mara mita 11, kila nikiusogelea mbuyu mshale unageuka. Na mwenye kopo kaandika ugumu wa eneo 3 kati ya 5, nikasema hapa lazima kupanda.

Nikasikia, "Shuka polepole. Mikono nje ya mifuko." Nikashuka.
"Unatafuta nini?"
"Kopo."
"Kopo la nini?"
"La kuandika jina."
"Jina la nani?"
"Langu."
"Na kwa nini uandike usiku?"
"Ili niwe wa kwanza."

Wakuu, hapo nikagundua kila jibu la kweli linanizamisha zaidi. Mwenzangu akataka kumwonyesha ramani kwenye simu. Ramani yenyewe imejaa alama kijani mji mzima. Mlinzi akauliza, "Hizi zote ni nyumba mlizokwishaingia?"

#14 · Sukari_Guru
🤣🤣 Naweka kambi hapa.

#15 · Ngong_Mawe
Pole sana buda, lakini shukuru. Nairobi soja (mlinzi) angeita karao (polisi) na hadithi yako wangeisikiliza Jumatatu. Huku kuficha kopo katikati ya mji ni kesi nyingine kabisa. Nyinyi na sisi tulilipuliwa siku moja, tarehe 7 Agosti 1998, na sisi tukaongezewa shambulio la duka la Westgate mwaka 2013. Kopo ambalo mtu anainama kuliweka chini ya benchi, anatazama kushoto na kulia, halafu anaondoka haraka, hakuna soja atakayelielewa. Hata Uingereza, Wetherby, mwaka 2011 mtu alificha kikopo nje ya mkahawa, barabara ikafungwa, wataalamu wa mabomu wakaja kukilipua. Kikopo cha mchezo!

Kwa hiyo kwangu saa si suala kubwa. Suala ni soja. Mimi huongea na soja kabla sijawasilisha, namwachia namba yangu, namwonyesha kopo liko wapi. Msituni kama Karura ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu geti likifungwa jioni hakuna wa kuingia, hata liachiwe saa tisa usiku.

#16 · Baba_Dortmund
Nimerudia #1 na #13 mara mbili. Arifa saa nane na dakika tatu. Kwenye tawi saa nane na arobaini. Wawili, na taa za kichwani, usiku wa Ijumaa. Mti_Mkavu, kuna mtu ulimpa kodineti kabla?

#17 · Taa_ya_Kichwani
Naishi Boko, mzee! Na mwenzangu alikuwa kalala kwangu. Taa za kichwani tunazo kwa sababu umeme.

#18 · Mti_Mkavu
Sitadanganya. Kuna mmoja nilimpa siku tatu kabla anipimie, aone kama kodineti zinafika. Nilisoma kwamba ndivyo waungwana wanavyofanya. Lakini si Taa_ya_Kichwani, na huyo alinipa neno lake kwamba hatasaini mpaka litoke.

#19 · Makumbi
Jina la huyo mmoja?

#20 · Mti_Mkavu
Sitaji.

#21 · Bi_Tumu
Haya sasa, ndo mana watu hufika dakika arobaini!

Mie msimamo wangu huu: kumpa mtu apime si vibaya, ila aliyepima asubiri. Wenzake wasaini kwanza, yeye aje wiki ya pili, au asaini ukurasa wa nyuma. Niliwahi kuamka alfajiri, nikasali, nikapanda daladala hadi mwisho wa njia, nikalifungua kopo nikakuta jina la rafiki yake mwenye kopo lina tarehe ya juzi yake. Mimi wa pili kwenye kopo lililotoka saa ile ile! Nilikasirika, nilitia kidole kwenye wino nikapiga chapa kama ya kura.

#22 · Mhandisi_Pembe
Kupimiwa ni muhimu, tusilipuuze. Mimi ni mpima ardhi na nimeona vituko. Kodineti za mchezo huandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali tatu. Tarakimu ya mwisho ikikosewa kwa moja si neno, ni mita mbili hivi. Ila kuna mtu Dar aliandika N badala ya S, kopo lake likaenda pande za Bale, Ethiopia. Mkaguzi akamuuliza kwa upole kama ana mtu wa kulitunza huko.

Kosa la pili ni la wapimaji wenzangu. Ramani zetu za zamani, za Kenya na Tanzania, zimejengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali. Mchezo unatumia WGS84, mfumo wa GPS. Kifaa chako kikiwa bado kimewekwa Arc 1960, kopo linahama takriban mita 300, na utaona watu wanachambua jalala la mtu mwingine. Pima siku mbili tofauti, asubuhi na jioni, uchukue wastani. Na kopo liwe limeshakaa mahali pake ndipo uwasilishe. Kuna wanaowasilisha kopo lingali kabatini wakidhani wana siku saba, linaachiwa siku hiyo hiyo.

#23 · Bamvua
Wanangu, mmegombania saa ya ukutani kurasa mbili, hakuna aliyeuliza saa ya maji.

Nipo pwani ya Tanga. Alikuja bwana mmoja mgeni, mtu mzuri, akaficha kopo kwenye pango la mwambani. Alikuja siku za maji mafu, bahari haipandi sana, akaona alama ya unyevu iko chini ya goti, akaliweka usawa wa kifua akasema hapa pakavu daima. Lilipotoka lilitoka siku ya mwezi mpevu. Bamvua, yaani maji makuu! Huku tofauti ya maji kujaa na kutoka hufika karibu mita 4. Watu wa kwanza walifika saa kumi jioni, maji yamejaa, pango halionekani hata mlango. Wakaandika kwamba hawakuliona. Walisema kweli, lilikuwa limekwisha kwenda Pemba.

Kopo la pwani mimi naomba liachiwe siku ya bamvua, asubuhi. Maji siku hizo hutoka kama saa nne, mtu ana nafasi ya kwenda na kurudi kwa miguu. Na kulificha, lificheni siku ya bamvua vilevile, maji yakiwa juu kabisa. Hapo mtaona pakavu ni wapi.

#24 · Mti_Mkavu
Mzee Bamvua, shikamoo. Hilo sikulifikiria.

#25 · Bamvua
Marahaba. Na masika pia. Mtu anapima Februari, njia nyeupe, Aprili majani yamemfika mabegani na kijito kimezaliwa katikati. Kipindi cha mfungo nacho msiombe liachiwe jioni. Nilikuwa nimeshika tende, simu ikalia, nikawa na mtihani.

#26 · Msamvu_Stendi
Nyie mnaongelea saa, mimi kopo langu Morogoro liliondoka kwa sababu ya daftari.

Nililiweka chini ya mkwaju, kopo la Blue Band, ndani daftari dogo, sarafu mbili za kizamani, ushanga na kipande cha kitambaa chekundu cha kuzibia unyevu. Ndiyo, najua, msinicheke. Wiki ya tatu nimeenda kulikagua nikakuta wazee watano, bibi mmoja ananyunyizia chumvi. Mmoja ameshika daftari kwa ncha za vidole. Lina majina ya watu kumi na moja, kila jina na tarehe yake. Anayasoma kwa sauti, na kila jina wenzake wanasema, "Masikini." Walidhani ni orodha ya wanaoondoka.

Sikujitokeza. Nilipita kama naenda sokoni. Kopo likachomwa moto jioni hiyo, na mimi tovutini nikaandika "limepotea".

#27 · Ngong_Mawe
"Masikini" 😭😭😭 Msamvu umeniua.

#28 · Bi_Tumu
Tena kitambaa chekundu. Khaa!

#29 · Msamvu_Stendi
Sasa hivi ukurasa wa kwanza naandika kwa Kiswahili, herufi kubwa: HUU NI MCHEZO, SOMA, ANDIKA JINA UKIPENDA, RUDISHA. Maelezo yanayokuja na madaftari ya kununua ni Kiingereza na Kijerumani, bibi wa mkwajuni atayasomea wapi?

#30 · Makumbi
Makopo ya chuma yana ugonjwa mwingine. Yale masanduku ya risasi ambayo Wamarekani wanayasifia hayazidi siku nne Dar. Wauza skrepa wanayaona kwanza kuliko GPS. Langu nililikuta kwenye mzani, naambiwa nilinunue kwa kilo.

#31 · Baba_Dortmund
Na yale ya wageni wanaopita? Nikija likizo nakuta nusu ya makopo yamefichwa na watu waliokuwa na mkataba wa miaka miwili, wakaondoka. Kopo limepasuka, daftari uji. Kanuni inataka mwenye kopo awe na mtu wa karibu wa kulitunza. Mengi mtu aliandika jina la rafiki, rafiki naye kahama.

#32 · Mhandisi_Pembe
Na ndipo anakuja mtafutaji, halioni, anadondosha kichupa chake cha dawa pale pale na kujiandikia kwamba amelipata. Mnaonaje hilo? Mimi naliona ni wizi wenye tabasamu.

#33 · Ngong_Mawe
Kama mwenyewe kaenda na harudi, mimi naona ni msaada. Bora kichupa kuliko hewa.

#34 · Mhandisi_Pembe
Na la zamani likiwa bado lipo hatua tatu kando? Utakuwa na makopo mawili na madaftari mawili, kila mtu na ukoo wake. Anzisha uzi wako, Ngong, hapa tutapigana.

#35 · Mti_Mkavu
Wakuu, kimyeni kidogo. Nimetoka mbuyuni sasa hivi, nimeenda kumwomba radhi mlinzi na pakiti ya sigara. Mtu mpole kabisa. Nikafungua kopo nione nani alisaini.

Kumbe Ijumaa ile, alipokwisha wapeleka kwa mjumbe, alirudi kutafuta walichokuwa wanatafuta. Kalipata kwa dakika mbili, na tochi ya simu ya kitufe. Hana GPS. Anasema alitia mkono pale ambapo angeficha yeye. Kafungua, kaona daftari lenye mistari, penseli imefungwa kwa uzi. Kwake hicho ni kitabu cha wageni, anacho kama hicho getini. Akakijaza. Mstari wa kwanza, mwandiko mzuri kuliko wangu:

*Vijana wawili, wanaume. Wanatoka: Boko. Wanamwona: Kopo. Kuingia: 8.40 usiku. Kutoka:*

Saa ya kutoka kaacha wazi. Pembeni sahihi yake.

#36 · Taa_ya_Kichwani
BASI NI SISI WA KWANZA. Tumeandikwa. Na saa ipo.

#37 · Bi_Tumu
Jina lenu liko wapi hapo? "Vijana wawili" ni nusu ya Dar.

#38 · Makumbi
Wa kwanza ni mlinzi. Kalipata, kafungua, katia sahihi. Mnataka nini tena? Mfungulieni akaunti.

#39 · Mbio_za_Bahari_Beach
Samahani kuingilia, huwa nasoma tu. Mimi ndiye wa mstari wa pili. Nilipita na mbio zangu Jumamosi saa mbili kasoro, nikaona mstari wa kwanza nikadhani mwenye kopo anatania watu, nikasaini nikajitangaza wa kwanza tovutini. Nishalisimulia hadi kazini. Nifute?

#40 · Mhandisi_Pembe
Usifute dada. Kanuni za mchezo hazina cheo cha wa kwanza, ni mila ya wachezaji tu. Kinachotakiwa ni jina lako liwe kwenye daftari, na lako lipo. Hao wawili mwenye kopo ana haki ya kuwafutia, maana hawakulishika hata kopo.

#41 · Taa_ya_Kichwani
Hatukulishika kwa sababu mikono ilikuwa nje ya mifuko!

#42 · Baba_Dortmund
Mti_Mkavu, umemuuliza mkaguzi kwa nini saa nane? Tumalize lile la Ujerumani na Afrika Kusini.

#43 · Mti_Mkavu
Nilimwandikia jana. Kajibu leo, mstari mmoja, kwamba anashukuru kwa kopo zuri na ameliachia "saa 1 kama ulivyoomba". Hakusema ya wapi.

#44 · Ngong_Mawe
Afrika Kusini.

#45 · Baba_Dortmund
Ujerumani.

#46 · Bi_Tumu
Kasema hivyo kukupa raha tu. Alikuwa anakula.

#47 · Bamvua
Wanangu, nami nina langu limeshawasilishwa. Nimeomba Jumamosi ya bamvua ijayo, nimeandika 07:00, nikaongeza asubuhi, nikaongeza saa za Afrika Mashariki, nikaongeza kwamba jua liwe limetoka. Mwenyekiti wa kijiji anajua, wavuvi wanajua, mlinzi wa bandani nimemwonyesha daftari na kumwambia asijaze. Njooni na viatu vya kukanyagia miba ya baharini. Mahali sitaji.

#48 · Taa_ya_Kichwani
Mzee, mimi Ijumaa ile nitakuwa Pangani tayari, nitalala kwa shangazi.

#49 · Mti_Mkavu
Pangani? Mzee Bamvua katajia wapi neno Pangani?